Kura ya Mama

Jumanne, 14 Mei 2024

Sijapata kumwambia mtu: mama yangu hajui kusoma. Hapa skuli wanadhani ni mwalimu huko Chwaka. Mimi ndiye niliyesema! Mama analima mwani.

Nimepangiwa mdahalo wa Alhamisi. Hoja: asiyesoma hawezi kuilinda demokrasia. Mimi naunga mkono. Mwalimu Duni kasema nnapenda vitabu, nitaweza.

Alhamisi, 16 Mei

Tumeshinda! Nilisema asiyesoma hununuliwa kwa kanga na kilo ya mchele. Makofi! Haitham wa darasa letu kaniita "Mheshimiwa" mpaka getini.

Nimerudi Ng'ambo, huku mjini ninakokaa kwa mama mdogo. Nikatamani kumhadithia mama. Nimhadithie nini?

Ijumaa, 17 Mei

Mama hatumi meseji, hutuma sauti. Ya leo nimeisikiliza mara sita — tatu za mwanzo kwa ajili ya kumsikia tu, na upepo wa pwani nyuma yake.

Kikundi chao cha mwani kinachagua viongozi Jumapili. Bi Mashavu, mwenyekiti, anasema safari hii watapiga kura wanaojua kusoma tu, eti ndivyo katiba ya kikundi inavyotaka. Mama anauliza: "Weye ndo msomi wetu, mwanangu. Kweli hayo? Maana miye miaka tisa nnachagua."

Maneno ya Bi Mashavu ni yangu ya jana.

Nnatamani niegemee bega lake, nisiulizwe kitu.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda Chwaka. Mama kanishika uso kwa mikono inayonuka mwani. Harufu hiyo nimeitamani muhula mzima. Nilitaka kumwambia habari za mdahalo — nimeshindwa.

Mkutanoni Bi Mashavu akanikaribisha: "Msomi huyo! Njoo ukae huku, kwa wenye kura."

Wengine wakacheka. Mama akatazama mkeka.

Sikukaa. Nikamwomba hiyo katiba. Alisita, lakini mbele za watu angefanyaje? Akanipa. Nikaisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Cha nane: kila mwanachama ana kura moja. Kusoma hakukutajwa popote.

"Basi, mwanangu, inatosha," akasema Bi Mashavu, mkono keshaunyoosha aichukue.

"Haijatosha!" Bi Sichana huyo, mkulima mwenzake mama, kutoka nyuma kabisa. "Rudia hapo!"

Nikarudia: kila mwanachama ana kura moja.