Miguu ya Dada

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji hajambo? Huku Mama mzima, anakula na anasema. Mimi pia mzima, ukiacha mgongo. Daktari amenibonyezabonyeza akauliza nafanya kazi gani ya kubeba. Nikamjibu sibebi, nakunjwa. Akanitazama kama mwehu.

Dada, nilikuja kupumzika lakini sipumziki. Nikikaa, Mama anasema, "Umeshiba vya dada yako, sasa umekuja kumalizia vyangu." Nikilala, "Mwenzio yuko jukwaani anakatwa msumeno, wewe unakoroma!" Jana alikuja jirani. Mama akamwonyesha picha yako ya kwenye tangazo, akakusifu mpaka chai ikapoa. Jirani akauliza, na huyu mdogo je? Mama akasema, "Huyu tunamlea tu."

Miaka sita ya kiini macho, Dada. Wewe unalala sandukuni, kichwa nje, unatabasamu, na miguu yako umeikunja kifuani. Ile inayotokeza upande wa pili, inayochezesha vidole msumeno ukishapita, ni yangu mimi, niliyejikunja ndani ya meza tangu kabla watu hawajaingia. Mama akikaa mbele akapiga makofi, nusu ya makofi ni yangu. Na ni kwa ajili ya macho yake nilifanyiwa vile. Shemeji alisema, "Mama mkwe atagundua, mguu huu hauna lile kovu la pasi la mke wangu." Wewe ukanishika goti, yeye akashika pasi.

Naomba ruhusa moja tu, nimwambie Mama. Mama peke yake.

Mdogo wako,
Kisigino


11 Februari

Kisigino wangu,

Barua yako imenichekesha mpaka shemeji yako akaja kuchungulia. Pole na mgongo. Sisi wazima, kazi inakwenda, na ule ukumbi mkubwa niliokuambia tumeupata.

Kuhusu Mama, hapana. Mdogo wangu, utamu wa kiini macho ni kutojua. Ukishamwonyesha mtu kamba, hatazami tena kinachoelea, anatafuta kamba tu. Mama ana raha gani nyingine duniani? Kila akija analia nikikatwa, analia tena nikiinuka mzima. Unataka kumnyang'anya hata hilo, kisa umeambiwa unakula bure? Kwani huli?

Nafasi yako isikutie wasiwasi. Tumepata binti mmoja mwembamba, mgongo wake mpira mtupu, na miguu yake, nisikufiche, imetulia kuliko yako. Kovu hana, lakini mshonaji wetu ana akili: analichora kwa wino na rangi ya midomo, mara moja tu limekwisha, na huwezi kulitofautisha na langu. Tungelifikiria hilo mapema, sivyo? Pole.

Mlete Mama Jumamosi ya tarehe 25. Kiti chake kipo mbele. Wewe pia njoo, kwa mara ya kwanza utazame ukiwa nje. Utafurahi.

Dada yako


16 Februari

Dada,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sitasema nikoje.

Wino! Niliposoma hapo nilivua soksi nikakaa nikilitazama kovu. Nakumbuka harufu yake. Nakumbuka ulivyoniambia nisipige kelele, wapangaji wenzetu watasikia.

Unasema utamu ni kutojua. Utamu wa nani? Waliosema usione vyaelea, vimeundwa, hawakusema aliyeunda afungiwe ndani ya meza. Mama akijua atanipenda. Haya, tuseme hatanipenda, ataniheshimu, na hilo nitalipokea kwa mikono miwili. Kama mchezo wenu utakufa kwa sababu mtu mmoja ameonekana, basi na ufe.

Jumamosi tutakuja. Nitamwonyesha, aone kwa macho yake.

Mdogo wako


19 Machi

Kisigino,

Hujambo? Umekuwa kimya, nasi tumebanwa na kazi. Mama hajambo, amenenepa kidogo. Tangu alipokataa kurudi na wewe yuko hapa, analala chumbani mwako, na kitanda chako anakisifia sana.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira. Imekwisha. Ulipopanda jukwaani ukafungua ubao wa meza ukamvuta yule binti kwa mguu, nilijua tumeumbuka. Nywele zimemsimama, kovu lake la wino limekubakia kiganjani. Halafu unavua kiatu, unapayuka, "La kweli hili hapa! Miguu ilikuwa yangu mimi!" Shemeji yako kashika msumeno, hajui auweke wapi.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Walisimama juu ya viti, mdogo wangu! Walidhani tumepanga. Kesho yake mwenye ukumbi akaja, anataka vilevile, asipunguziwe kitu. Sasa kila onyesho msichana anatoka kwa watazamaji, tunamwita Mdogo Mwenye Wivu, anapanda, anafungua meza, anamburuta mwenzake, watu hoi. Siri wanaijua yote na bado wanarudi, tena na ndugu zao. Kwa hiyo ulisema kweli, kujua hakuharibu utamu. Umenishinda. Umefurahi?

Anayecheka kuliko wote ni Mama. Ila habari ya miguu yako hakuiamini. Alisema, "Aliyetolewa mezani nimemwona, si mwanangu. Na kovu lilikuwa la wino. Sasa huyu alijichoma ya nini, kama si kutaka kuwa dada yake?" Aliniuliza mimi, macho kwa macho. Ningemjibu nini? Ningemtajia pasi, angekaaje meza moja na shemeji yako? Nikamwambia, "Mama, tumsamehe tu." Akalia kidogo, akakusamehe.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Natumaini barua hii inawakuta wote salama. Msalimie Mama. Mwambie msamaha wake umefika.

Sina nguvu ya kugombana nawe. Nimekuchukia wiki nzima, na chuki hainyooshi mgongo. Nina ombi. Nipe mimi nafasi ya huyo Mdogo Mwenye Wivu. Sitabadilisha neno hata moja. Nitapanda, nitafungua meza, nitavua kiatu, nitasema miguu ilikuwa yangu. Watu wacheke wanavyotaka. Nitakuwa nasema kweli mbele ya Mama kila anapokuja, na huenda siku moja, katikati ya kicheko, akanyamaza akanitazama. Asiponitazama, basi atapiga makofi, na safari hii atajua anampigia nani.

Usinikatalie hili.

Mdogo wako,
Kisigino


5 Aprili

Kisigino wangu,

Sote tunakusalimu sana. Mgongo je, unapata nafuu? Usilale kwenye godoro laini.

Ombi lako tulilizungumza mezani, na Mama alichangia. Alifurahi, anasema afadhali nawe upate kazi kama wenzio. Shemeji yako hana kinyongo. Mimi nilishaanza kukutafutia gauni.

Tatizo ni moja tu. Mwisho wa mchezo tumeuongezea kitu. Msichana akishavua kiatu na kupayuka kwamba kovu lake ni la kweli, shemeji yako anapiga goti mbele yake kwa heshima zote, anachovya kitambaa kwenye maji, anapangusa. Kovu linatoka. Hapo ndipo ukumbi unapopasuka kwa kicheko, na Mama anashika mbavu.

Lako halitoki, mdogo wangu. Mama anasema ulipake mafuta kila asubuhi, taratibu, huenda likafifia. Likififia tuandikie.

Dada yako