Mashine Iliuliza, Mjukuu Wangu Akanijibia

Jumatatu. Mvua haijakatika tangu alfajiri hapa Mbuya, na mimi nimejifungia ndani na hasira zangu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mjukuu wangu Salma anasoma chuo kikuu. Jana alinijia mbio na kompyuta. Siku hizi kuna mashine, unaipa kazi yako ya utafiti, inakagua kama umefuata taratibu. Palipo sawa panakuwa kijani, palipopungua panakuwa pekundu.

"Bibi, yote kijani," akasema, kifua mbele.

Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Kiingereza changu kinaishia sokoni.

Akasoma. Yalikuwa maneno yangu.

Mimi ni somo. Nawafunda maharusi, mlango umefungwa, simu zimeachwa nje. Mwaka jana nilimfunda yeye. Wanawake wazima walikaa naye wakamfunulia ndoa zao, asijikwae walipojikwaa wao. Sharti letu ni moja: la chumbani halivuki kizingiti.

Limevuka. Hata la Zaituni, mmoja wa wanawake wale, alilolisema akilia: kwamba asiyezaa ni mumewe, na yeye kabeba jina la ugumba maisha yake yote ili kumsitiri. Salma hakuandika jina, eti kaficha. Kaandika "mshonaji wa nguo za harusi, Mbuya". Sasa Mbuya hii, mshonaji wa nguo za harusi ni nani mwingine? Mtoto amesoma mpaka amesahau mtaa wake.

Nikamuuliza, hiyo mashine yako haikuona kosa?

"Iliona, Bibi. Ilipaweka pekundu, ikauliza kama mliridhia."

"Ukasemaje?"

Akainama. "Nikasema mmeridhia."

Chuma kisicho na mama kilikumbuka kuniuliza. Damu yangu ikanijibia.

Nimemwambia aifute, au arudishe wekundu wake pale ulipokuwa. Akaanza kulia kwamba mwalimu wake keshaisoma, na wenzake darasani pia. Nimemwacha alie. Analilia kazi yake, bado sijamsikia akimtaja Zaituni.

Nimewafunda wasichana wa watu wakatunza siri. Wa kwangu ndiye kaimwaga.

Na Zaituni siku ile hakutaka kusema. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia, sema mwanangu, humu ni kwako.

Kesho nitakwenda kwake, inyeshe isinyeshe, ayasikie kwangu kabla hajayasikia njiani. Mimi niliyefunda wangapi namna ya kusema na mume, kwa Zaituni nitaanza na neno gani?