Dawa ya Kuvuta kwa Zamu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila chumba cha kufulia cha hoteli kinanichemsha pamoja na mashuka yao. Nimekutumia dawa ya kuvuta, ile ya unga, vikopo vitatu. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Vuta kwa nguvu, kisha ubane pumzi. Itakufikisha Septemba nitakapokuja likizo. Na hiyo karakana ya magodoro iache, Baba. Vumbi la pamba limeshakula mapafu yako vya kutosha.

Kitindamimba wako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kidogo, kifua tu kinapiga filimbi. Dawa yako kiboko! Nilipanda ngazi za karakana bila kusimama. Wenzangu wa karakana nao wakaitaka: Sindano akavuta, Mpima Vitambaa akavuta, hata Bubu wa mashine ya kuchambua pamba, ambaye hajawahi kuomba kitu, akanyoosha mkono. Sheria yetu unaijua: kinachoingia mlangoni ni cha wote wanne. Basi tunavuta kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baba yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Mapafu si chawa! Mkigawana wanne hatapona hata mmoja, na wewe utaishiwa kabla sijafika. Nakuomba, ifiche. Nimekasirika mpaka nimeunguza foronya za watu.

Kitindamimba wako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie. Niifiche vipi? Tumekaa chumba kimoja miaka thelathini. Nikigeukia ukutani kuvuta, wananisikia. Iliisha Mei. Bubu tumemzika Jumatatu. Mimi pafu la kushoto limesinyaa kama puto. Daktari alipitisha mpira ubavuni kutoa hewa, lakini halikufunguka. La kulia nalo, njia zake zimeziba. Naogopa, mwanangu.

Baba yako

2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na pole kwa msiba. Nimelia juu ya pasi. Nimetuma vikopo sita. Likizo nimeomba nipewe mapema, msimamizi amekataa, kesho namrudia. Wape wenzako, Baba, wape wote, nilisema kwa uchoyo. Wewe vuta tu, unisubiri.

Kitindamimba wako

19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni muuguzi, mimi namtamkia neno neno, na anasubiri kwa subira kweli. Vikopo vimefika. Vimekuta Sindano na Mpima Vitambaa wameshazikwa, kwa hiyo vyote sita ni vyangu peke yangu, kama ulivyotaka mwanzo. Vipo hapa kando ya kitanda. Nimejaribu siku tatu, unga hauji. Daktari anasema dawa hii lazima mtu aivute kwa nguvu, nami pumzi ya kuivutia sina tena. Usijilaumu, ulinipenda sana. Nimemwambia muuguzi awagawie wodini wale ambao bado wanaweza kuvuta. Septemba, mwanangu, ni mbali.

Baba yako