Cheti Kinasema Nimeolewa

Miagao, 6 Februari 2018

Mdogo wangu Merly,

Habari za huko kwenye theluji? Shemeji Shoichi hajambo? Mama mkwe wako bado anakula vizuri? Sisi huku ni wazima, ila joto limeanza mapema na kisima cha nyuma kimeshuka. Nimekupigia simu mara tisa tangu Jumamosi na hupokei. Basi nimerudi kwenye karatasi kama zamani, maana hapo kwenu hakuna mwingine anayesoma lugha yetu.

Nianze na la heri. Nimeposwa. Usicheke! Mimi, mwalimu wa miaka hamsini na miwili, ambaye watoto wa shule wananiita Bibi Chaki, nimeposwa. Ni yule Mkorea niliyekutajia, Sang-cheol, mgane aliyekuja Iloilo kujifunza Kiingereza akaangukia kwenye darasa langu la jioni. Alikuja kuposa kama watu wanavyokuja kuposa. Alikuja na binti yake kutoka Busan, na jirani yake akiwa mshenga, na mchele, na nguruwe mzima wa kuchoma, wakaingia jikoni kwangu wakapika wenyewe huku mimi nimekaa sebuleni napepewa na feni. Binti yake akamwambia Mjomba Isko kwa maneno ya kukariri, "Tunaomba mtupe Mwalimu." Mjomba akalia mpaka akaishiwa leso. Hapakuwa na dalali, Merly, wala albamu ya picha za wasichana. Na yeye ndiye anayehamia kwangu. Nani angeamini zamani zile?

Padri akasema tulete vyeti. Nikaenda mjini kuomba kile kinachoonyesha kwamba sijawahi kuolewa. Yule dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akaangalia tena. "Mwalimu, mbona wewe umeolewa?" Nikacheka. Akanichapia. Nakunakilia kilivyo: Rosenda Nufable, aliolewa Novemba 1988, Yamagata, Japani, na Kudo Shoichi.

Shoichi! Mume wako! Kwa serikali mimi ni mke wa shemeji yangu mwaka wa thelathini sasa, na foleni nzima nyuma yangu ilisikia. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ana Mjapani wake, na bado anatafuta mwingine!"

Niambie makarani wamekosea. Nakuomba uniambie hivyo tu. Andika upesi.

Dada yako,
Rosenda


Yamagata, 24 Februari 2018

Dada Rosenda,

Barua yako imefika na salamu nimezipokea. Mama mkwe siku hizi anakula uji tu. Shoichi mgongo unamsumbua kwa kukwangua theluji juu ya paa. Mimi nipo.

Makarani hawakukosea.

Hongera kwa posa. Nguruwe, mshenga, Mjomba analia! Mimi nilipata nini? Ngoja nikukumbushe, maana naona umesahau vizuri kabisa. Aliyeandikishwa kwa yule dalali ni wewe. Picha ilikuwa yako, cheti cha kuzaliwa chako, pasipoti ilishatoka kwa jina lako. Siku gari lilipokuja wewe hukuwepo. Ulikuwa umejificha Guimaras kwa shangazi. Na Mama alikwisha kumpa yule mtu neno lake mbele ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakuna nazi. Mama akaja akasimama mbele yangu, akaniambia, "Merly, vaa nguo ya dada yako." Tulifanana. Hata yule dalali hakuuliza.

Tulikuwa wasichana sita. Walitukalisha kwenye hoteli Manila, sisi upande huu wa meza, wanaume sita upande ule, na wakubwa wa kijiji chao katikati. Wasichana wao wote walikuwa wamekimbilia mijini, hawataki kuolewa mashambani, ndiyo wakaja kututafuta sisi. Tukala wali na samaki. Sahani zilipoondolewa, Shoichi akaninyooshea kidole. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mkalimani akaniuliza jina, nikasema Rosenda. Wiki ya tatu nilikuwa Yamagata natia sahihi. Hakuna aliyelia isipokuwa mimi, na nililia chooni.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, Dada. Ile pasipoti ilisema ishirini na miwili.

Sasa unataka nini? Kaa na Mkorea wako. Kwa umri wenu huo nani atakuja kugonga mlango kuulizia cheti?

Mdogo wako,
Merly


Miagao, 15 Machi 2018

Merly,

Natumaini mama mkwe wako amepata nafuu na mgongo wa Shoichi umetulia. Mimi presha imepanda, na unajua nani ameipandisha.

Nilijua ulikwenda badala yangu. Sikatai, na miaka yote hii sijawahi kukataa. Lakini Mama aliniambia mlibadilisha karatasi Manila! Aliniambia kwa mdomo wake, "Merly ana karatasi zake sasa." Aliniangalia usoni akanidanganya, na wewe ukanyamaza miaka thelathini. Ulikuja nyumbani mara sita. Ulilala kitanda kimoja na mimi. Ulikuja kumzika Mama, ukakaa mkekani siku tisa za maombi ukiwa na pasipoti yenye jina langu ndani ya pochi, na hukufungua mdomo! Una moyo wa namna gani wewe?

Halafu unaniambia nikae naye tu. Nimefundisha watoto wa mji huu miaka ishirini na tisa. Nimekaa kwenye harusi za watu nikila keki za watu, naulizwa na kila mwenye mdomo, "Na wewe Mwalimu, lini?" Leo nimepata mtu, unataka nikae naye kinyumba kwa sababu wewe umelikalia jina langu? Thubutu!

Nimekwenda kwa wakili. Amesema njia ni moja, mahakama, na mahakama itataka kiapo chako. Uape kwamba aliyesimama pale Yamagata akatia sahihi ni wewe Merlinda, si mimi. Bila hicho nitakufa nikiwa Bi. Kudo. Sang-cheol ameshaniuliza mara mbili kwa nini cheti kinachelewa. Nimemwambia kompyuta imeharibika. Mimi, ambaye huwachapa watoto kwa kusema uongo!

Nakitaka kiapo kabla ya Mei.

Dada yako,
Rosenda


Yamagata, 2 Aprili 2018

Dada,

Za huko? Huku theluji inayeyuka na matope yamejaa mpaka mlangoni. Mama mkwe hanijui tena asubuhi, ananijua mchana.

Sikipeleki.

Unajua unachokiomba? Nikiapa, wenye nchi watasema niliingia kwa karatasi za mtu mwingine. Wanaweza kuninyang'anya kibali cha kukaa. Haruka na Kenta, kwenye kitabu cha ukoo wao, mama yao ni Rosenda. Shoichi hajui. Dada, nasema hajui! Ameniita jina lako tangu siku ile ya samaki. Ameniita hilo nilipokuwa nazaa, ameniita hilo tukigombana, na wakwe, na majirani, na yule mwenye duka la mbolea. Hakuna mtu hata mmoja katika nchi hii anayenijua kwa jina langu. Liko kwenye barua ninazokuandikia wewe tu.

Wale wenzangu watano, wawili walitoroka mwaka wa kwanza. Mmoja alijinyonga. Mimi nimebaki. Nilijifunza kupika vitu vyao, nilijifunza kupiga magoti, nimemwosha mwanamke asiyetaka hata kuniangalia miaka kumi ya kwanza, na sasa anakataa kulishwa na mwingine. Hapa nimepapata kwa jasho, na sitoki ili wewe uvae shela.

Wewe ulikimbia, ukapata maisha yako. Ulisoma, ukafundisha, ukachagua mwanamume kwa nafasi yako, ukamweka miaka miwili unamchunguza kama mtu anayenunua nyanya. Mimi nilichaguliwa baada ya samaki. Na leo ni wewe unayelia umeibiwa?

Usiniandikie tena jambo hili.

Merly


Miagao, 20 Juni 2018

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo wote, na mama mkwe anakujua angalau huo mchana. Mvua zimeanza huku. Umenikataza kuandika, na mimi sijawahi kukatazwa kitu na mtu niliyemfundisha kufunga viatu. Kwa hiyo soma.

Nimemwambia Sang-cheol. Padri alituita, akasema bila cheti hafungishi, na mimi sikuweza tena kusingizia kompyuta mbele ya altare. Nikamwambia yote njiani kurudi. Nilidhani atakasirika kwamba amechumbia mke wa mtu. Tukafika nyumbani. Akakaa kwenye ngazi akavua viatu, ndipo akaniuliza kwa Kiingereza chake kile, "Mdogo wako alikuwa na umri gani?"

Nikasema kumi na saba.

Akavipanga viatu pembeni. Kisha akaniambia kwao, kijijini alikozaliwa, binamu zake watatu walileta wake kwa mtindo huohuo, kutoka huku kwetu na kutoka Vietnamu, wamechaguliwa asubuhi na kuolewa jioni. Mmoja wa wake hao alimwona mara kwa mara akikaa kwenye kituo cha basi asipande basi lolote. Akaniambia, "Mwalimu, umeshamwomba radhi?" Nikamfokea! Nilimwambia hayamhusu, hii ni damu yangu, aniache. Akaingia jikoni akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Nimekaa na swali lake wiki sita na linanikera kama mwiba wa samaki kooni. Kwa hiyo nakuambia jambo ambalo Mama hakulijua. Siku moja kabla ya kukimbia nilikukuta chumbani umevaa viatu vyangu vya safari, vile vyeusi, unajitazama kwenye kioo. Vilikukaa sawasawa. Nikasimama mlangoni nikafikiri: kama mimi sipo, yupo huyu. Ndiyo nikaondoka. Sikukimbia nikiwa sijui Mama atafanya nini. Nilijua. Nilikwenda Guimaras nikala, nikalala, nikijua wewe ndiye utakayekwenda.

Nisamehe. Bado nina hasira na wewe, usidhani imekwisha. Nina hasira na Mama kule aliko, na yule dalali, na wale wakubwa wa kijiji na meza yao. Lakini nimekosa mimi kwanza.

Wakili nimemwambia aache. Kiapo sikitaki tena. Sang-cheol anasema atakaa jirani, nyumba ya pili, na watakaosema waseme.

Dada yako,
Rosenda


Yamagata, 19 Novemba 2018

Dada Rosenda,

Hujambo? Presha imeshuka? Unywe dawa kila siku, si siku unapokumbuka tu. Mama mkwe alifariki tarehe tatu Septemba. Nilikuwa namkata kucha. Mikono yake ilikuwa bado ya moto.

Barua yako niliisoma nikaichana. Halafu nikaiokota nikaiunga kwa gundi. Viatu vile vilinibana, kwa taarifa yako. Vilinibana mpaka Manila.

Sijakusamehe. Ningeandika nimekusamehe ingekuwa uongo, na sisi uongo tumeutumia vya kutosha. Ulisimama mlangoni ukaniangalia, mtoto mdogo anacheza na viatu, ukaondoka! Nimekutukana kwa lugha mbili. Nimekutukana shambani nikichuma peasi mpaka Haruka akaniuliza nasema na nani.

Baada ya siku arobaini na tisa za msiba nilimwambia Shoichi. Sikufanya kwa ajili yako. Walileta mchoro wa kaburi la ukoo, akataka nione mahali jina langu litakapochongwa siku yangu ikifika. Nikaona limeandikwa Rosenda. Nikamwambia hilo ni la dada yangu.

Akadhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Aliposikia kumi na saba aliniuliza mara tatu, "Ngapi?" Akasimama, akaenda shambani, na siku nne hakusema neno na mimi. Nilimwekea chakula, akala, akatoka. Siku ya tano akaja jikoni akasema, "Wale wazee niliwauliza. Nilisema huyu ni mtoto. Waliniambia amefika ishirini na miwili, nami nikataka kuwaamini." Mzee yule akalia, Dada. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa mama yake. Nami nikamkasirikia zaidi, maana miaka thelathini nilijiambia hakuona kitu.

Aliniendesha mwenyewe mpaka Tokyo, ubalozini, saa tano za barabara. Watu wa uhamiaji watakuja kunihoji kuhusu kibali. Wakili wa huku anasema ndoa ndefu na watoto vinaweza kunisaidia, na vinaweza visinisaidie. Sijui. Shoichi tangu siku ile haniiti jina lolote. Anasema "wewe." Anasema "sikiliza." Nafikiri anaogopa kukosea.

Karani alinipa fomu ya kiapo akasema niandike jina langu kamili juu. Nikaandika Rosenda. Mkono uliandika wenyewe, nami nikakaa nikilitazama. Akanipa fomu nyingine. Ile ya pili niliiandika polepole, herufi kwa herufi, na mwandiko uliotoka ulikuwa wangu wa shule.

Kiapo kimo humu ndani, kina mihuri yote. Kipeleke mahakamani. Ulisema hukitaki, mimi sikukuuliza. Uolewe kanisani, mchana, Mjomba alie, na padri alitaje jina lako kwa sauti watu wote wasikie, maana mimi nimelirudisha.

Ukishaolewa ndipo uniandikie. Kabla ya hapo sitaki barua.

Mdogo wako,
Merlinda Nufable