Anania Mgaya, Visu Vile Si Vyako

Mwaka umetimia, Baba Peace, tangu homa ya mapafu ikuondoe kwetu na tukakulaza Kidugala.

Ulimvulia kofia kila uliyekutana naye, hata watoto. Katika kofia hiyohiyo ulitia vikaratasi kumi na sita. Ulikuwa unatafuta kisu bora cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: kinene au chembamba, makali ya wima au ya kulala, kupozwa kwa maji au kwa mafuta. Aina nane, kila moja ijaribiwe mara mbili, na zamu, ya asubuhi au ya mchana, iamuliwe kwa kura. Benno, mwenyekiti wa kikundi chenu cha wahunzi Makambako, alikucheka. "Fundi, unafua visu au unachezesha bahati nasibu?"

Ukamjibu, "Nachezesha, umande usije ukanidanganya." Maana asubuhi mabua yamelowa, na hata kisu kibovu hukata.

Ulinisukuma niende darasa la jioni nikiwa na miaka arobaini na tisa. Ulisema unataka mtu wa kukupigia wastani. Ukawa unanikagulia hesabu mikono ikiwa bado na masizi, nami nagomba kwamba unachafua daftari.

Ulipofariki, vikaratasi sita vilikuwa havijachotwa. Kikundi kikanakili namba za majaribio yako, kikaona iliyo kubwa kuliko zote, kikaanza kuuza kisu cha tatu, chembamba, cha kupozwa kwa maji. Wakakigonga jina lako. Kisu hicho ulikijaribu mara moja tu, asubuhi ya umande. Kiangazi kilipofika, kisu hicho kikavunjika kwenye mabua makavu. Feliciana wa Igwachanya, aliyekinunua, amepoteza vidole viwili, na anakulaani wewe.

Nilimfuata Benno. Akasema, "Mama Peace, marehemu hapati hasara."

Nimepiga magoti mwaka mzima nikiomba moyo wa kumsamehe. Bwana hajanipa bado, nami sitadanganya mbele zake.

Majaribio sita tumeyamaliza, mimi na mwanao Brayson, kwa kura kama ulivyotaka. Cha tatu kilivunjika. Kilichoshinda ni cha saba, kinene, cha mafuta. Daftari liko nyumbani. Anayetaka aje asome.

Nawe Benno, najua unasoma hapa. Futa jina la mume wangu kwenye visu vyako, kisha nenda Igwachanya ukamwambie Feliciana ni nani aliyemkata.

Tunaokukumbuka, Baba Peace, ni mkeo Telesia, wanao Peace na Brayson, na dada yako Esnath. Hatujakusahau, wala hatutanyamaza.