Mkaja Wako Nimeukata

Mama,

Mkaja wako nimeukata. Nakuambia mwenyewe kabla dada yako hajanishtaki kwako kwenye dua zake, maana tangu jana amenuna na chai yangu hanywi.

Nimejifungua, Mama. Ni msichana na amepewa jina lako. Leo ni siku ya kumi na tisa ya arobaini yangu hapa Garsen. Mama mkubwa ametoka Ndera kuja kunitunza, akaja na debe la samli na ule mkaja wako wa kitambaa cha marekani uliofungwa nao tumbo kila ulipotuzaa. Alinifunga huku ameweka goti mgongoni mwangu ili akaze vizuri. Kisha akanipa bakuli la uji ulioelea samli: "Kunywa we, unenepe kama mamako!"

Nikanywa. Siku ya tatu kiungulia kikapanda. Wewe unakijua, ule moto wa chini ya kifua unaofika kooni na maji machungu. Nilishikwa na woga nikalia mbele ya wageni.

Kiungulia chako tulikizoea sote. Ulilala umekaa, umeegemea gunia la mchele, ukaamka sauti inakwaruza. Ulilamba magadi ukashushia maziwa. Mwili ulivyozidi ndivyo ulivyozidi kuukaza mkaja ili uweze kufika sokoni, na watu wakakusifu: "Mashallah, umenawiri!" Mwaka wa mafuriko, mwenye mtumbwi alipokuona akasita, ukamwambia, "Nihesabu wawili, mwanangu, twende." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mama. Nisamehe.

Kisha nyama ikaanza kukwama, halafu ugali, mwisho hata uji. Wakasema ni jicho la watu. Ulipokuwa unaungua walisema umenawiri, ulipokonda ndipo wakaona unaumwa.

Nilikaa nawe Mombasa daktari alipotueleza. Alisema uzito wa tumbo ulikuwa unaisukuma tindikali irudi juu, na mkaja ulikuwa unasaidia kusukuma. Miaka yote hiyo umio wako, ile njia ya chakula, ulikuwa unaungua. Ukaumia mpaka ukaota uvimbe wa saratani. Si kila mnene hupatwa, alisema, lakini mtu mzito mwenye kiungulia cha kila siku asiambiwe anyamaze. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mbona wote walikuwa wakiniambia nina afya?"

Nina hasira. Wale wale waliokuwa wakikujazia sahani, tangu tukuzike wanasema uliponzwa na ulafi. Mmoja alilisema hilo juzi hapa kwangu, huku anatafuna biskuti zangu. Nilimtoa! Mzazi wa siku kumi na saba, nimesimama mlangoni namwonyesha njia. Hukuwa mlafi. Ulikula tulichokula sote, na mwili wako haukuwa kosa la kusimangwa. Kosa ni kwamba ulisema unaungua na hakuna aliyekusikia, hata mimi.

Kwa hiyo jana mama mkubwa alipokuja na bakuli na mkaja, nikasema basi. Alipiga kelele kwamba naitupa mila ya mama yangu. Nikachukua mkasi nikaukata mbele yake, vipande sita. Mkaja bado ulikuwa na harufu ya udi wako. Samli nimewagawia majirani. Kesho kutwa naenda kliniki na kiungulia changu, nikakitaje kwa jina lake, na wakiniambia ni mambo ya uzazi tu, nitarudi tena kuwauliza.

Na hili nakuahidi. Huyu mwenye jina lako akinenepa nitampenda, akikonda nitampenda. Lakini siku atakayoniambia, "Mama, kuna moto unanipanda," sitampa maziwa anyamaze. Nitamsikia.

Kwaheri, Mama. Lala sasa umenyooka, bila gunia mgongoni. Vile vipande sita nimevifanya nepi. Marekani imelainika kwa kufuliwa kwako, na mjukuu wako ameshavilowesha vyote.

Mwanao.