Upepo wa Mdogo Wangu

Si nilikutambia kwamba mimi ndiye ngao ya dada yangu mdogo? Nimeumbuka, ndugu yangu!

Aliniambia mimi peke yangu kwamba tangu utotoni moyo wake huwaelekea wasichana. Nikaapa nitamtetea.

Leo mama yuko kwenye cherehani, akaniuliza, "Mbona mdogo wako kila posa anaikataa?"

Nami, bingwa wa mizaha: "Ni upepo tu, mama. Utapita."

UPEPO! Nimesema upepo! Mama akacheka, nami nikamshinda kwa kucheka.

Kugeuka, mdogo wangu yuko mlangoni na futi ya kupimia mkononi, machozi yanamlenga.

"Kaka, wewe umependa wasichana tangu darasa la sita. Upepo wako utapita lini?"

Mama akaisimamisha cherehani. Ananitazama mimi, nami, ile ngao, najificha nyuma ya cherehani.